Hodi kwa Kabula, sikio lililoziba angani

Kosa la kwanza katika makala haya ni la mwandishi mwenyewe, tena alilifanya kabla hajakaa. Alikuwa amesikia mjini Sumbawanga kwamba kuna mama anayeifundisha setilaiti kusikia vitu vipya ikiwa hukohuko juu. Akapanda bodaboda mpaka upande wa milima ya Mbizi, akaingia kituoni meno yote nje, akasema: "Hongera sana, mama!"

Mama akamtazama. Mlinzi akaangalia viatu vyake. Upepo ukapita katikati yao, ule wa Julai ambao Ufipa hauombi ruhusa kuingia kwenye sweta.

"Asante, baba," mama akajibu kwa adabu. "Ila hapa ungeanza na pole."

Basi pole ikatolewa, ikapokelewa, na kiti kikaletwa. Hiyo ilikuwa jana.

Leo mwandishi amerudi, na sasa ni saa tano na nusu asubuhi. Msomaji aelewe vizuri: saa tano na nusu ya Kiswahili, ile ambayo chai imeshapoa na ugali bado haujasongwa. Saa ina kesi katika habari hii, kwa hiyo tutaitaja kwa uangalifu.

Epifania Sichalwe, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, yuko juu ya ngazi anakaza boliti. Amevaa suruali, juu yake kafunga kanga, juu ya kanga sweta la shule ambayo mwenyewe hakuisomea. Mbele yake kuna antena ya waya, pana kama sebule ya kupanga, imetazama mawingu.

"Shuka, Mfipa!" anapaza sauti Masanja, mlinzi wa kituo, ambaye pia ndiye mwasha jenereta na mpika chai. "Ungo wenu hauruki mchana!"

"Nyamaza, Msukuma. Kachunge."

"Nichunge nini? Aliyepoteza ng'ombe ni wewe mwenyewe."

Epifania anacheka, kisha kicheko kinakatika kabla hakijafika mwisho. Utani wao haukuanzia kwa mababu. Wameuanzisha wenyewe hapa mlimani, kati ya Mfipa aliyekulia kwenye mahindi ya Laela na Msukuma ambaye ukoo wake ulihamia bonde la Rukwa na ng'ombe. Lakini siku hizi utani huo unafika mahali unagonga kidonda, na Masanja anajua, na anaendelea, kwa sababu akinyamaza inakuwa matanga kabisa.

Aliyepotea anaitwa Kabula.

Kabula ni setilaiti ndogo, haizidi debe la mahindi. Vyuo vitatu viliungana vikaitengeneza, ikarushwa miaka minne iliyopita. Kwenye karatasi ina jina refu la herufi na namba ambalo hakuna mtu kituoni anayelitamka mpaka mwisho. Jina la Kabula katoa Masanja.

"Kwetu binti akizaliwa mvua inanyesha, huyo ni Kabula," anaeleza. "Nilipoambiwa kazi ya hiki kidude ni mvua, nikasema basi, jina lipo tayari. Na mahari nitapokea mimi."

Mvua na setilaiti vinakutana wapi? Epifania anashuka, anafuta mikono kwenye kanga, anachukua kijiti na kukichovya kwenye ndoo ya maji ya kunawia.

"Ona. Kimevunjika?"

Kinaonekana kimevunjika. Anakitoa, kizima.

"Ndiyo hivyo. Zile setilaiti kubwa za kuelekeza njia, zinazoiambia simu yako uko wapi, zinatoa ishara muda wote. Ishara ikipita kwenye hewa yenye unyevu inajikunja, kama hiki kijiti. Kabula ana sikio, wenyewe wanaliita kipokezi. Anasikiliza ishara zikizama kule ukingoni mwa dunia, anapima zimejikunja kiasi gani. Watu wa hali ya hewa wakichukua vipimo vyake na vya wenzake, wanajua juu kuna unyevu au pakavu."

Tatizo ni kwamba sikio hilo lilitengenezwa kusikia ukoo mmoja tu wa setilaiti, tena kwa ishara za zamani. Miaka ikaenda, huko juu koo nyingine zikaongezeka, na zile za zamani nazo zikaanza kutoa ishara mpya zilizo safi zaidi. Kabula akawa anapita katikati ya kelele hizo zote kama hazipo. Kwa eneo kama Ufipa alikuwa anaambulia vipimo vya kuokoteza.

"Mzee wangu alikuwa na redio ya namna hiyo," anasema Epifania. "Stesheni zimejaa, yeye anashika ileile moja, na mikwaruzo. Lakini redio ya mzee niliifungua kwa bisibisi. Huyu bisibisi haimfiki. Inabidi umfundishe kwa maneno, ukiwa chini, yeye anapita."

Redio anazijua. Kaka yake, marehemu Beda, alikuwa na kibanda cha ufundi sokoni Sumbawanga, na Epifania alipomaliza darasa la saba aliletwa mjini kumpikia. Akapika wiki chache. Kisha akaanza kushika waya wa kulehemu, na Beda akaanza kujipikia.

Madishi ya televisheni yalipoingia mjini, Beda alikuwa anaogopa kupanda juu ya bati. Epifania akapanda. Alitega madishi mpaka kwenye nyumba za mapadri, huku wapita njia wakisimama kuangalia mwanamke juu ya paa.

"Walikuwa wanauliza chini: huyo anatafuta nini huko? Beda anawajibu: anatafuta mume, huku chini wameisha."

Mume alimpata, akafariki mapema. Watoto hawakujaliwa. Hilo analisema harakaharaka, kama mtu anayefunga mlango ili baridi isiingie.

Antena hii ilipoletwa kwa maboksi, mafundi walitafuta mtu wa mjini asiyeogopa kupanda. Wakapewa jina moja. Kazi ya kibarua ikawa ya mwezi, ya mwezi ikawa ya mwaka. Injinia wa mradi, Christopha, anayekaa Dar es Salaam, akamfundisha kompyuta kwa simu, jioni baada ya jioni, mpaka akawa mwendeshaji wa kituo.

"Yule kaka ana subira," anasema. "Alinifundisha bila hata mara moja kuvuta pumzi ile ya watu waliosoma."

Kituo chenyewe ni chumba kimoja cha tofali. Kuna meza, kompyuta mbili, na saa mbili. Moja ya ukutani, ya mishale, ambayo mtu yeyote wa Sumbawanga akiitazama anajua ni saa ngapi. Nyingine iko kwenye skrini, inakwenda na saa ya dunia, ile ambayo watu wa anga wote wamekubaliana. Saa tatu yetu ya asubuhi, hiyo inaandika sita. Saa sita yetu ya mchana, inaandika tisa. Sheria ya kituo inasema: kwenye kuandika, tumia ya skrini. Kwenye kuongea, sheria haikusema kitu.

Oktoba mwaka jana, kazi ya kumfundisha Kabula ilikuwa imefika mwisho.

Programu mpya ya sikio ilitumwa vipande vipande kwa wiki kadhaa. Kabula akipita juu ya Ufipa anaonekana kwa dakika kumi hivi, na katika dakika hizo unatupa unachoweza. Epifania anafananisha na kujenga nyumba mpya uani huku ukiendelea kuishi kwenye ya zamani. Unasomba tofali kidogo kidogo. Ikiisha, unahamia.

Amri ya kuhamia ilitakiwa iwekewe saa. Kabula aambiwe mapema, yeye mwenyewe ahame muda ukifika, juu ya kichwa cha Sumbawanga, watu wakimwangalia.

Asubuhi ya siku ya kuhama Christopha alipiga simu. Alikuwa hajalala vizuri, na mbele yake kulikuwa na skrini. Kuhama kulipangwa kuwe mchana, saa sita, Kabula akiwa utosini. Kwenye skrini, ratiba ya kuhama ilikuwa imeandikwa tisa kamili. Akaisoma kama ilivyo, kwa Kiswahili safi:

"Dada Epi, ile ya kuhama iweke saa tisa."

"Saa tisa. Sawa, kaka."

Na Epifania, mtu wa sheria, akadhani mpango umebadilika, akafanya alivyofundishwa. Saa tisa alasiri, kwenye skrini inakuwa kumi na mbili. Akahesabu kwa vidole, akarudia, akaandika kumi na mbili, akaituma Kabula alipopita ule mpito wa kwanza, wa saa nne na nusu, wa chini chini upande wa mashariki.

"Nilibadili vizuri kabisa," anasema, na hapa sauti inashuka. "Hiyo ndiyo inayoniuma. Ningekuwa mvivu, nikaandika tisa kama nilivyosikia, leo Kabula anasikia."

Saa sita Kabula akarudi, safari hii juu kabisa. Upepo wa Oktoba nao ukaamua ni zamu yake. Mota ya antena ikakwama. Epifania akatoka mbio, akapanda ngazi, akaishika antena kwa mikono na kumfuata Kabula angani kwa kukisia, jinsi alivyokuwa akitega madishi ya mapadri. Masanja akashika miguu ya ngazi. Ndani, kompyuta ilikuwa inaendeshwa kwa mtandao na Christopha akiwa hukohuko Dar.

Alichokiona Christopha ni kwamba Kabula bado yuko nyumba ya zamani. Kwa hesabu yake, saa ya kuhama ilikuwa imepita. Akadhani tofali zimeingia vibaya. Akafanya ambalo injinia yeyote angefanya: akabomoa nyumba mpya ili aijenge upya. Vipande vya kwanza vya kurudia vikaingia, muda ukaisha, Kabula akazama.

Epifania akashuka, kajaa fahari. Alikuwa hajampoteza hata nukta moja. Simu ikalia.

"Dada, haikushika. Nimefuta, tunaanza upya kesho. Usijali."

"Sawa, kaka. Pole."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, na wote wawili wakaupita wakiwa wanaongea.

"Mimi nilidhani ni tofali ndizo hazikushika, kwamba amefuta vyote, pamoja na ile saa," anasema Epifania. "Yeye alidhani ile saa imeshapita, hakuna cha kufuta. Ningeuliza neno moja. Saa tisa ipi? Neno moja tu."

Hakuuliza. Akaenda kula ugali. Saa tisa alasiri, Epifania akiwa anaosha sahani, Kabula akiwa mbali huko upande mwingine wa dunia, muda ulifika, na mtoto mtiifu akahama. Akaiacha nyumba ya zamani, akaingia kwenye mpya, ambayo ilikuwa msingi na tofali chache, haina ukuta wala bati. Mlango wa nyuma ukajifunga.

Alipopita tena, mwili wake ulijibu kama kawaida: betri iko sawa, joto liko sawa, nipo. Sikio halikujibu. Halikusikia ishara mpya, na za zamani nazo likawa halizisikii tena.

Ripoti iliandikwa. Epifania anaikumbuka sentensi yake kwa kichwa: tatizo lilitokana na mwendeshaji wa kituo kukosea kubadili saa. Hakuna mahali panaposema aliambiwaje.

Mwandishi akamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Kwamba injinia hajui saa? Anajua. Na mimi najua. Wote tunajua saa, ndiyo maana hakuna aliyeuliza." Anainua kidole. "Halafu aliyeandika kumi na mbili ni kidole changu. Hicho hakuna anayeweza kukibadilisha."

Mama yake Epifania, bibi Cornelia, amekuja mjini kutoka Laela wiki hii na mfuko wa unga. Jana jioni mwandishi alimkuta nyumbani kwa binti yake, Sumbawanga mjini, akichambua ulezi kwenye ungo, ungo wa kawaida, wa kupepetea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa magazeti? Huko kwenu hakuna dawa ya sikio?"

Kwa bibi Cornelia, Kabula ni mjukuu, hakuna mjadala. Alianza kumwita hivyo kwa utani, majirani wakaitikia, na siku hizi barabarani Laela mtu akishuka kwenye basi kutoka Sumbawanga anaulizwa kama mtoto wa Epifania ameanza kusikia.

Ulipoanza msimu wa mvua wa mwaka juzi, Kabula akiwa bado na sikio lake la zamani, Epifania alipata taarifa kutoka kwa watu wa hali ya hewa kwamba mvua ya kwanza ina dalili ya kukatika. Akampigia mama simu: usipande kwanza, subiri.

"Nikasubiri," anasema bibi Cornelia. "Jirani zangu wanapanda, mimi nimekaa kama bibi harusi. Wakasema Cornelia kazeeka, kasahau jembe liko wapi. Mvua ikakata. Mahindi yao yakaungua. Mimi nikapanda ya pili, nikavuna, nikawagawia na kuwacheka juu yake."

"Na msimu uliopita?"

Bibi Cornelia akatikisa ungo, akapuliza makapi.

"Nilisubiri simu. Mvua ikaja, simu haikuja. Nikapanda. Ikakata." Akaokota punje iliyodondoka, akairudisha. "Hata hivyo mjukuu kuugua si kosa la mtu."

Epifania alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo. Alisubiri mpaka anamsindikiza mwandishi nje, penye giza la jioni, ndipo akasema.

"Usiandike kwamba Kabula angeokoa mahindi ya mama. Hakuna anayejua. Mvua haijamwekea mtu sahihi, na Kabula hakuwa peke yake, wapo wengine wanaopima. Lakini mimi ningeweza kupiga simu hata kusema, mama, mwaka huu sijui. Sikupiga. Niliona aibu. Nikawa naitazama simu, naiweka chini."

Imeandikwa kama alivyosema.

Tangu Oktoba, kazi ya Epifania imekuwa moja. Ndani ya kipokezi cha Kabula kuna kipande kidogo cha programu ya kiwandani, kisichofutika, ambacho kazi yake ni kusubiri amri na kujibu. Christopha anaamini hicho hakijafa, kimeduwaa tu. Kikijibu hata mara moja, wanaweza kumjengea Kabula nyumba upya, tofali moja moja, mpaka asikie ishara zote, mpya na za zamani. Kumekuwa na mashine huko juu zilizowahi kuzinduka baada ya miezi ya kimya, betri ikishuka sana kwenye kivuli cha dunia na kujaa tena.

Amri hiyo kituoni hawaiiti amri. Wanaiita hodi. Na jibu linalosubiriwa, hata kwenye skrini Epifania ameliandikia jina kwa mkono wake, ni karibu.

"Kwetu hodi ni tatu," anasema Masanja, akimimina chai. "Ukipiga ya tatu hujaitikiwa, unaondoka, maana hawapo au hawakutaki. Huyu Mfipa kapiga tangu Oktoba. Kwa mwenye nyumba mwingine angeshatolewa mbwa."

"Mbwa angekuwa jibu," anasema Epifania.

Masanja anaacha kumimina. Kisha anamwongezea sukari bila kuulizwa.

Saa sita kasoro robo simu inalia. Ni Christopha. Epifania anaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ina grisi.

"Dada Epi, habari za hapo?"

"Nzuri, kaka. Baridi tu. Nina mgeni, mtu wa gazeti."

"Ah. Basi nitapiga baadaye."

"Sema tu. Kashatoa pole huyu."

Sauti ya Christopha inakohoa. Anasema wakubwa wa mradi walikaa jana. Anasema kibali cha masafa ya redio kinaisha mwisho wa mwezi na hakitaombwa tena, maana setilaiti isiyo na sikio haina kazi. Anasema Ijumaa wataizima, kabisa, mwili mzima, isiendelee kusema nipo wakati hakuna anayeihitaji. Na baada ya hapo kituo kitafungwa.

Epifania anajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Uliwaomba tuiache mpaka mvua za Novemba?"

"Niliwaomba."

"Wakasemaje?"

"Hawakujibu, dada."

"Amri ya kuzima nani atatuma?"

"Kituo. Wewe. Ila kama hutaki, naweza mimi kutoka huku."

"Nitatuma mimi. Amezoea mkono wangu." Anavuta pumzi. "Ijumaa saa ngapi?"

"Saa tisa."

Masanja anaweka birika chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Upepo unasikika kwenye waya za antena. Katika simu kuna sauti za magari ya Dar, kisha hata hizo zinaonekana kurudi nyuma.

"Saa tisa ipi, kaka?" anauliza Epifania.

Hakuuliza kwa ukali. Mwandishi alikuwepo, anashuhudia hilo. Aliuliza jinsi mtu anavyouliza bei ya nyanya.

Masanja anainama kuitazama simu kama imezimika.

"Ya alasiri, dada," Christopha anasema hatimaye, na sauti si ya injinia tena. "Ya Kiswahili. Ya kwetu. Kwenye skrini ni kumi na mbili."

"Kumi na mbili. Sawa."

"Dada Epi. Ile siku, mimi nilisoma skrini."

"Najua, kaka."

"Kwenye ripoti sikuandika."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Kabula alipopita tena, sikio halijibu. Nikaikumbuka ile saa tisa nyingine, nilipokuwa naosha sahani." Anaichukua simu mezani, anaisogeza karibu na mdomo ingawa inasikika vizuri tu. "Kaka, hukula njama. Ulikuwa umechoka. Sasa acha, anakuja. Nimebakiza dakika chache niweke antena."

"Niandike barua niwaambie?"

"Andika ukitaka. Lakini si sasa. Anakuja."

Anakata.

Alipoulizwa atafanya nini kituo kikifungwa, Epifania alikuwa na jibu tayari, maana alishalifikiria siku nyingi. Atarudi mjini kutega madishi, magoti yakiruhusu. Masanja ataenda bondeni kwa ndugu zake wenye ng'ombe. Na vyuo vikija siku moja kurusha mdogo wake Kabula, mwenye sikio lililozaliwa likijua ishara zote, atapanda tena huku mlimani hata kama ni kwa kibarua, kwa sharti moja. Anataka kila saa itakayotajwa kwa mdomo itajwe na jina lake, asubuhi, mchana, alasiri, au ya skrini, na anayepokea airudie kwa sauti mpaka aliyesema aseme ndiyo hiyo.

"Na kabla ya mvua ya mwaka huu nitampigia mama," anasema. "Nikiwa na taarifa, nisiwe nayo. Nitapiga."

Lakini hayo ni ya baada ya Ijumaa. Leo ni Jumanne, saa sita mchana, na mota ya antena inaanza kunguruma, ungo unageuka taratibu kuelekea kaskazini, kutazama mahali ambapo macho ya kawaida yanaona mawingu ya baridi tu.

Kwenye skrini mstari wa kwanza unawaka kijani. Betri iko sawa. Joto liko sawa. Nipo.

"Kafika," anasema Masanja kutoka mlangoni. Amevua kofia.

Mstari wa pili, ule wa sikio, ni mtupu. Pembeni yake, kwa herufi alizoandika Epifania mwenyewe mwaka jana, pameandikwa: karibu. Panasubiri kuwaka.

Anabonyeza. Anasubiri. Anabonyeza tena. Anasubiri. Ya tatu anaisindikiza kwa mdomo, kwa sauti ndogo ya mtu aliyesimama nje ya nyumba ya watu.

"Hodi, Kabula."

Ungo unaendelea kumfuata, juu, katikati, kisha unaanza kuinama upande wa kusini, upande wa Laela. Masanja hamwambii aache. Muda unakwisha, na kidole cha Epifania bado kiko pale pale.

"Hodi, mwanangu. Hodi humu ndani."